Diski Imejaa, Lakini Imejaa Nini?

Katika nchi yetu neno "imejaa" halihojiwi. Wodi imejaa, darasa limejaa, bajeti imekwisha. Aliyeambiwa hugeuka akaenda zake. Ni nadra mtu kuuliza swali la pili, ambalo ndilo lenye maana: imejaa nini, na nani ameijaza? Leo nitalijadili swali hilo kwa mfano mdogo wa diski ya kompyuta niliyoikuta Mtae wakati wa likizo ya Desemba. Mfano wenyewe ni wa kawaida, lakini umenifundisha kusoma hesabu kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Mtae iko ukingoni mwa Usambara ya Magharibi, mwisho wa barabara itokayo Lushoto kupitia Magamba na Lukozi. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, na chini yake kabisa imelala nyika ya Mkomazi. Ardhi ya kulima ni finyu, nayo imegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba hatua kumi za shamba la viazi zaweza kuwakalisha ndugu barazani mwaka mzima. Huko mtoto wa shangazi yangu ana duka la steshenari. Anachapa barua, mihtasari ya vikao, mitihani, ratiba za mazishi na makubaliano ya kuuziana mashamba. Mteja huja na karatasi ya mkono, huchapiwa, hulipa, huondoka na nakala. Faili lenyewe hubaki dukani. Pasipo mtu yeyote kuamua, duka limekuwa masjala ya watu wa pale.

Kompyuta ile ilikuwa imeanza kukataa kuhifadhi kazi. Nafasi iliyosalia ilikuwa gigabaiti moja. Fundi mmoja alishauri "kupiga Windows upya", yaani kufuta kila kitu na kuanza mwanzo. Ndugu yangu aliona hilo ni zito mno, akachagua njia aliyoidhani nyepesi: kufuta nyaraka zote za kabla ya mwaka 2021.

"Kaka, hizi hakuna anayezidai," aliniambia.

"Mdogo wangu, nipe siku mbili kabla hujagusa kitu," nikamjibu.

Jambo la kwanza lilikuwa kuzipima nyaraka hizo. Zote kwa pamoja, za miaka yote, zilikuwa na gigabaiti tatu, katika diski ambayo imetumika gigabaiti 463. Hata kama angeiteketeza masjala nzima, angepata chini ya asilimia moja ya nafasi. Hapo nilizikumbuka ofisi zetu zinapobanwa na fedha. Hukatwa kwanza kilicho mbele ya macho na kisicho na mtetezi: chaki, posho ya mwalimu wa kujitolea, mafuta ya pikipiki ya bwana shamba. Vilivyo vizito havionekani, basi haviguswi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; sisi humnyonga, na haki yenyewe hatumpi.

Jambo la pili lilikuwa kipimo. Diski imeandikwa gigabaiti 500, ilhali kompyuta inaonyesha takriban 465. Ndugu yangu aliamini ameuziwa bandia. Sivyo. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, kwa kuwa inazidisha kwa 1,024 badala ya 1,000. Gawanya bilioni 500 kwa namba hiyo utapata 465 na ushei. Baiti ni zilezile, ila neno moja limebeba vipimo viwili. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa viwango wa kimataifa walikwisha pendekeza majina mawili tofauti ili kuondoa utata huo, lakini mazoea yameshinda. Mkulima wa Lushoto hahitaji maelezo marefu hapa, maana anaijua lumbesa. Gunia huitwa gunia, awe anayeuza shambani au anayenunua sokoni mjini. Tofauti ni kile kichwa kilichoshonewa juu yake. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na bado lumbesa inapita barabarani mchana. Kabla ya kumtafuta mwizi, kubalianeni kwanza juu ya kibaba.

Jambo la tatu ndilo lililokuwa kiini. Gigabaiti moja ya zile 465 imetengwa kwa ajili ya kuwashia na kuokolea mfumo, zikabaki 464. Nilijumlisha ukubwa wa folda zote zilizoonekana, nikapata 287. Mfumo wenyewe ulisema zimetumika 463. Gigabaiti 176 zilikuwa zimeliwa na kitu kisichokuwa na sura. Ndugu yangu alikuwa na jibu tayari: kirusi. Kirusi katika kompyuta zetu kimekuwa kama mchawi kijijini. Akishatajwa, uchunguzi umekwisha. Tuliipima kompyuta kwa programu ya kinga, hapakuwa na kirusi. Tuliikagua diski yenyewe, haikuwa na sehemu mbovu.

Maelezo ni mepesi ukiyafahamu. Mfumo endeshi una daftari lake la chini, linaloandika kila kipande cha diski kilichokwisha gawiwa. Mtumiaji wa kawaida hujumlisha yale tu ambayo macho yake yameruhusiwa kuyaona. Windows huficha baadhi ya mafaili yake, na folda ya mtumiaji mmoja haifunguki kwa mwingine. Kwa hiyo tofauti ya hesabu hizo mbili haikuwa uthibitisho wa wizi. Ilikuwa kipimo cha giza. Tulionyesha mafaili yaliyofichwa, tukaendesha programu ya WinDirStat kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na giza likagawanyika mafungu manne.

Fungu la kwanza, gigabaiti 69, ni nakala ambazo mfumo hujiwekea ili uweze kurudi nyuma ukiharibika. Akiba ya namna hiyo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mtu fulani, siku isiyojulikana, aliiruhusu ifike asilimia 15 ya diski, na tangu hapo hakuna aliyeihoji. Fungu la pili, gigabaiti tisa, ni faili la kulaza kompyuta na lile la kusaidia kumbukumbu inapozidiwa; hayo ni matumizi halali, tuliyaacha. Fungu la tatu, gigabaiti 14, lilikuwa kwenye pipa la taka: mafaili yaliyofutwa lakini hayajatupwa. Pipa hilo lilikuwa la mtumiaji mwingine, ndiyo maana kila ndugu yangu alipofungua la kwake alilikuta tupu.

Mtumiaji huyo ndiye fungu la nne, gigabaiti 84. Alikuwa kijana aliyeajiriwa dukani na kuondoka miaka miwili iliyopita. Akaunti yake ilibaki, imejaa filamu alizokuwa akiwarushia wateja kwenye flashi. Msomaji atakumbuka mwaka 2016, Serikali ilipohakiki orodha za mishahara na kutangaza watumishi hewa zaidi ya elfu kumi. Mtumishi hewa hazaliwi na teknolojia. Anazaliwa siku mtu anapoondoka na hakuna mwenye wajibu wa kufunga jalada lake.

Ndugu yangu alitaka kuifuta akaunti ile papo hapo. Nikamsihi tuifungue kwanza. Wiki hiyohiyo mama mmoja mjane alikuwa amefika dukani mara mbili kutafuta nakala ya makubaliano ya shamba ambalo marehemu mumewe alilinunua, kwa sababu mpaka wake ulikuwa umeanza kuzozaniwa. Aliambiwa faili limepotea. Tulilikuta humo, kati ya filamu, pamoja na nyaraka nyingine ambazo kijana yule alizichapa zamu za jioni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila hata kwa asiye na cheti. Lakini mbele ya baraza la ardhi la kijiji, asiye na karatasi husimama na maneno matupu. Faili hilo lilikuwa na uzito mdogo kuliko picha moja ya simu. Lingekwenda na ushauri wa fundi, na lingekwenda vilevile na hasira ya kufuta akaunti bila kuangalia.

Tulizinakili nyaraka zote kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Tukazifuta filamu, gigabaiti 82, baada ya kumpigia simu mwenyewe akaridhia. Tukamwaga pipa la taka, na akiba ya mfumo tukaishusha hadi asilimia tano. Nafasi ikawa gigabaiti 143, na hakuna waraka hata mmoja wa mwananchi uliopotea.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma nina neno moja chungu. Mihtasari na barua za ofisi hazipaswi kulala kwenye diski ya duka la mtu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa kiholela, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za raia. Kama hatuna kompyuta, tuidai. Tusiuhamishie mzigo huo mchapaji wa kijijini, kisha tumlaumu diski yake ikijaa.

Na kwa wanafunzi na wanaharakati: jifunzeni kuuliza namba tatu. Jumla iliyotumika ni ngapi? Jumla ya vinavyoonekana ni ngapi? Tofauti yake iko wapi? Ibara ya 143 ya Katiba inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali haki ya kuchunguza vitabu na kumbukumbu zote zinazohusu hesabu anazozikagua, kwa sababu mkaguzi anayeonyeshwa vilivyo mezani tu hatofautiani na mtumiaji wa kawaida. Lakini mkutano mkuu wa kijiji nao una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na huko hahitajiki mtaalamu kutoka Dodoma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Likiwapo daftari, nalo lisomwe kwa sauti, pamoja na kurasa ambazo mwenye ofisi angependa zisifunuliwe.