Saa kumi za kumsikiliza Anyesi

Kitabu ninachotaka kukisimulia hatukukisoma, tulikisikiliza. Kinaitwa Burial Rites. Kimeandikwa na Hannah Kent wa Australia, kikatoka mwaka 2013, na anayekisoma kwa sauti ni mwigizaji wa Uskoti anayeitwa Morven Christie. Kinachukua zaidi ya saa kumi. Kwetu hapa Nakivale kilichukua karibu miezi miwili.

Mwalimu mmoja wa kujitolea alipomaliza mkataba aliniachia simu yake ya zamani, na ndani mlikuwa vitabu vya namna hiyo, vyote kwa Kiingereza. Nilikuwa nasikiliza dakika tano, nasimamisha, natafsiri kwa Kiswahili chetu cha Kivu, halafu tunaendelea. Tulikuwa wanawake sita, siku nyingine saba, mikono kwenye maharage. Kuchaji simu ni shilingi 500, tukawa tunachanga. Kitabu cha karatasi kingenifaa mimi peke yangu, maana wengi wa wenzangu hawakupata shule. Lakini kusikia hadithi huku mikono inafanya kazi, hilo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Hadithi ni ya kweli, au tuseme mifupa yake ni ya kweli. Usiku wa Machi 1828, kaskazini mwa Aislandi, wanaume wawili waliuawa kwenye shamba la Illugastaðir na nyumba ikachomwa moto. Mmoja alikuwa Natan Ketilsson, mganga wa mitishamba. Walihukumiwa watu watatu: kijana Friðrik, msichana Sigríður, na mtumishi wa nyumba aliyeitwa Agnes Magnúsdóttir. Sisi tulimwita Anyesi, kama Anyesi wote wa parokia zetu, na ugeni wake ukaisha hapo hapo.

Wakati ule Aislandi ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, kwa hiyo hukumu ilipaswa kuvuka bahari kwenda Copenhagen na kurudi. Wakati wa kungoja, Anyesi hakuwekwa gerezani. Alipelekwa kukaa na familia moja kwenye shamba la Kornsá. Baba wa nyumba ile alikuwa na cheo kidogo cha serikali, hakuweza kukataa. Mke wake Margrét hakutaka, na mabinti zao wawili waliogopa. Nyumba yenyewe ni ya udongo na nyasi, watu wote wanalala chumba kimoja, wenye nyumba na watumishi pamoja. Muuaji analetwa, anaambiwa, lala pale.

Nilipofika hapo mama mmoja aliacha maharage. “Kumbe hata Bazungu balikuwaka na kambi,” akasema. Tulicheka sana. Lakini alikuwa ameona kitu. Mtu amewekwa kwenye ardhi ya wengine bila yeye kupenda na bila wao kupenda, anangoja karatasi kutoka mbali, na karatasi ile itaamua kila kitu. Wakati huo huo majani yanakatwa, kondoo wanachinjwa, soksi zinafumwa, na yeye anafanya kazi kwa sababu anaijua kazi. Margrét anaanza kumwona mtu ndani ya muuaji pale anapomtazama akifanya kazi. Hakuna hotuba ya huruma. Ni mikono tu.

Mzee wetu wa kikundi, tunayemwita Koko kwa sababu ni koko wa kila mtu, alikuwa na shida moja kubwa na kitabu. “Huyu muandishi,” akauliza, “yeye alikuwaka kule? Alijua je ile maneno Anyesi alisema usiku?” Nikamweleza kwamba Hannah Kent alikwenda Aislandi akiwa msichana wa shule, kwa programu ya kubadilishana wanafunzi, akasikia habari za Agnes huko, na baadaye akarudi kutafuta kwenye nyaraka. Pale nyaraka zilipokoma, alibuni. Koko hakuridhika. Kumwekea marehemu maneno mdomoni kwake ni jambo zito, na hadi leo hajabadilisha mawazo.

Mimi naona hivi. Sura za kitabu zinaanza na barua za wakubwa: mkuu wa wilaya anaandika kwa mchungaji, anaandika kuhusu wafungwa watakaa wapi, barua nyingine inahusu bei ya shoka. Ndiyo, shoka la kukatia vichwa, bei yake ilijadiliwa kwa lugha safi kabisa. Ukisikiliza barua hizo kwa sauti ya Christie, ambayo haipandi wala haishuki, halafu mara moja inaingia sauti ya Anyesi mwenyewe, ya karibu, yenye pumzi, unajua nani hakuulizwa. Watu waliobaki kwenye faili ndio walioandika faili. Kama mwandishi angekataa kubuni, tungebaki na bei ya shoka.

Na hapa ndipo jirani yangu anapoingia. Nimemwomba ruhusa, amesema niandike bila jina.

Yeye amehojiwa mara tatu kwa miaka kadhaa, kuhusu usiku mmoja. Mara ya mwisho aliambiwa kwamba maelezo yake hayalingani: mara moja alisema watu walikuja usiku, mara nyingine akasema alfajiri. Mara moja watoto walikuwa ndani, mara nyingine walikuwa nje. Kwenye karatasi hizo ni hadithi mbili. Kwake ni usiku mmoja tu: ulianza giza ukaisha kukicha, na watoto walikuwa ndani kabla ya kuwa nje.

Katika kitabu, mchungaji kijana anayeitwa Tóti anatumwa kumtayarisha Anyesi kwa kifo. Anakuja na sala. Anyesi hazitaki. Polepole Tóti anaacha kuhubiri, anamuuliza habari za utoto wake, na yeye anaanza: mama aliyemwacha akiwa mdogo, mama mlezi aliyekufa kwa uzazi, nyumba baada ya nyumba akiwa mtumishi. Anachomwambia Tóti si sawa kabisa na anachojiambia mwenyewe gizani. Sisi wasikilizaji tunasikia yote mawili, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema “anadanganya”. Kila mama pale alijua kwamba unampa mtu sehemu ya habari kwa kadiri ya anavyoweza kuibeba.

Usiku wa mauaji wenyewe Anyesi anakuja kumsimulia Margrét, si mchungaji. Wako jikoni, moto unawaka, Margrét anakohoa kifua chake kibovu. Jirani yangu aliniomba nirudishe sehemu ile. Nikairudisha. Akaniomba tena. Mara ya tatu hakutaka tafsiri, alitaka sauti tu. Halafu akasema, “Miye hawajaniulizaka kwenye moto. Waliniulizaka kwenye meza.”

Najua ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika wanasoma gazeti hili. Meza haikuchaguliwa na wao, foleni ni ndefu, na jikoni haliingii kwenye ratiba. Nawaambia tu alichosema.

Tarehe 12 Januari 1830 Anyesi na Friðrik walikatwa vichwa, na mwenye kushika shoka alikuwa ndugu wa Natan. Aislandi haijaua mtu mwingine kwa hukumu ya mahakama tangu siku ile. Sigríður alipunguziwa adhabu akapelekwa gerezani Denmark. Saa ya mwisho ya kitabu tuliisikiliza mchana, siku ya Jumamosi, kwa sababu hakuna aliyetaka kulala nayo. Koko alitoka nje mapema. Aliporudi aliuliza jambo moja: kama Margrét alimvalisha vizuri. Nikamwambia ndiyo.

Baada ya hapo niliwaeleza jambo ambalo halimo kitabuni. Mwaka 2017 wanasheria wa Aislandi walifanya kesi ya kuigiza, wakamhukumu Agnes upya kwa sheria za sasa. Akapata miaka 14. Kimya kikawa kirefu, kisha jirani yangu akahesabu kwa vidole: angetoka 1842, au karibu na hapo.

Mahojiano yake ya nne bado hayajapangiwa tarehe. Sisi tumeanza Alias Grace ya Margaret Atwood, juu ya Grace Marks, mtumishi wa Kanada aliyehukumiwa mwaka 1843 na akaja kusamehewa 1872. Koko ameshauliza mara mbili kama aliua. Nimemwambia tuko saa ya tatu tu.