Bondingi si ya kuweka na kusahau

Wasee, inboksi yangu imejaa swali moja: "Hayo meno ulilipa ngapi?" Hakuna hata mmoja ameniuliza yanakaa miaka mingapi. Wacha nijibu hilo lenye hamuulizi.

Nimelelewa upande wa Nakuru. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi. Ukiyanywa maji hayo ukiwa mtoto, wakati meno ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, yanatoka na madoa ya kahawia. Si uchafu. Piga mswaki hadi mkono uchoke, hayatoki. Shule yote nilicheka nikiwa nimeziba mdomo na mkono. Nilipoacha chuo na video zikaanza kuleta doh, nikafanyiwa bondingi meno sita ya mbele.

Daktari anakwaruza jino kidogo na asidi, anapaka gundi, halafu anajenga kompoziti tabaka kwa tabaka na kuigandisha kwa mwanga wa buluu. Unaingia asubuhi, unatoka na smaili mpya. Hapo ndipo watu hudhani kazi imeisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Kompoziti si jino. Ni resini iliyochanganywa na chembe ndogo za kioo. Kwa kawaida hukaa kama miaka 4 hadi 8, kulingana na vile unaishi nayo. Chai ya rangi, kahawa, bizari na sigara huipaka rangi. Na usidhani dawa ya kung'arisha meno itakuokoa: inabadilisha jino lako, resini inabaki vile ilikuwa. Kufungua soda na meno, kutafuna kalamu, miwa na barafu, sahau. Mahindi choma mimi nayapukuchua na kidole kama shosho, wacha wacheke.

Utunzaji wenyewe si mgumu: mswaki laini mara mbili kwa siku, uzi wa meno, na kumwona daktari kila miezi 6 akague na kusugua ing'ae tena. Dawa ya mkaa achana nayo, inakwaruza. Kama unasaga meno usiku, sema mapema utengenezewe kinga ya kulalia.

Veniya za kauri hukaa zaidi, lakini mara nyingi jino hunolewa kwanza, na lililonolewa halirudi. Bondingi ikimeguka inajazwa tu. Ndiyo maana niliichagua.

Kwa hivyo kama una pesa ya kuweka na huna ya kurekebisha, ngoja kwanza. Na usiende kwa mtu wa saluni. Hakikisha daktari amesajiliwa na KMPDC.

Na kama meno yako ni ya kahawia na huna hiyo pesa, cheka tu, huna deni na mtu. Lakini kama nyumbani kuna mtoto mdogo, angalieni maji yake kwanza. Kuchemsha hakutoi floridi. Ya mvua ni afadhali.