Mara ya kwanza kuingia IKEA ya Anderlecht

Kila mara mtoto wa kwetu anapofika Ubelgiji, ulizo lile lile linarudi katika simu: amepata chumba, lakini chumba ni kitupu, analala chini juu ya kikwembe. Vyombo vya nyumba atanunua wapi? Watu wa kule wanamjibu kwa neno moja, IKEA. Sisi watatu tuliomsindikiza binti yetu mwenye mtoto anayeanza kutembea tuliingia humo siku ya posho, na euro 650 za likelemba zilizopashwa kutosha kitanda, meza, viti na mahali pa kuweka nguo. Tunawaandikia tuliyoyaona, sababu wengine watafuata.

Kwanza mjue mnaenda wapi. IKEA ni duka la Waswidi. Kijana mmoja, Ingvar Kamprad, alilianzisha mwaka 1943 akiwa na miaka 17, na jina linatoka katika herufi za kwanza za majina yake, za shamba la kwao na za kijiji chao. Upande wa Bruxelles kuna moja Anderlecht na lingine Zaventem. Hamtalikosa: jengo la buluu lenye herufi za manjano, kubwa kama ghala la bandari.

Kwetu, mtu akitaka kitanda anaenda kwa fundi wa mbao. Anachagua muvula au mti mwingine, wanabishana bei, anatoa avansi, kisha anaanza kumfuata fundi kila juma mpaka wote wawili wanachoka. Kule hakuna wa kubishana naye. Bei imeandikwa kwenye karatasi, na mkisema «baba, punguza kidogo» kijana wa kazi atacheka tu kwa heshima. Na fundi ni nani? Fundi ni ninyi wenyewe. Kitu kinauzwa vipande vipande, kimelazwa ndani ya boksi bapa. Tangu miaka ya 1950 ndivyo wanavyofanya, ili mnunuzi abebe mwenyewe na bei ishuke. Sehemu moja ya bei mnailipa kwa mgongo wenu.

Kazi ya kweli inaanzia nyumbani, mbele ya kupanda basi. Pimeni chumba, pimeni mlango, tena msisahau ngazi. Nyumba nyingi za zamani za Bruxelles zina ngazi nyembamba yenye kona, na kiti kirefu cha salo kinaweza kukwama katikati. Ndiyo maana mnaona watu wanapandisha vyombo kwa mashine kupitia dirishani, na hiyo mashine inalipiwa. Andikeni vipimo kwa santimetre kwenye karatasi, piga na picha ya chumba kwa simu. Binti yetu alisema «chumba ni kikubwa tu». Tulipokipima, kitanda cha 160 kingeacha njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu, na mtoto angechezea wapi? Tukaandika 140, na karatasi hiyo ndiyo iliyotuamulia maneno dukani.

Mkiingia, mnapandishwa juu kwanza. Huko wametengeneza vyumba kamili: jikoni na sahani zake, kitanda kimetandikwa, taa zinawaka, hata vitabu viko kwenye rafu. Mishale chini inawaongoza mpite kila pahali. Kuna njia za mkato, tazama ramani ukutani, lakini hawazionyeshi kwa sauti kubwa. Kaeni juu ya viti, laleni juu ya matela, fungueni droo, hakuna atakayewakemea. Vyombo vikubwa havichukuliwi hapo. Mnaandika jina na namba, ao mnapiga picha ya karatasi ya bei, ambayo inaonyesha pia mstari na nafasi ya boksi kule ghalani.

Hatari haiko kwenye vyombo vikubwa. Iko chini, katika soko la vitu vidogo: vikombe, mishumaa, mito, vikapu, maua ya plastiki. Kila kimoja ni bei ndogo, na mfuko wa manjano waliowapa mlangoni unajaa bila ninyi kuona. Sisi tulikubaliana mbele: kitu kisichokuwa kwenye karatasi kinabaki dukani. Binti aliomba taa moja nzuri ya kuonyesha wadogo zake kwenye simu. Tulimwambia, mwanangu, wadogo zako wataona kitanda. Alinuna mpaka ghalani. Hatukumlaumu, kule picha ya salo inatazamwa na familia nzima huku, na kijana anajua hilo.

Sasa kitanda, na hapa sikilizeni vizuri. Bei kubwa mnayoiona kwenye kitanda mara nyingi ni ya mbao za pembeni tu. Vibao vya katikati vinavyobeba matela vinaweza kuwa na bei yake, matela bei yake, shuka na mto bei zake. Soma ile karatasi mpaka mwisho, imeandikwa nini kimo na nini hakimo. Kitanda kilichoonekana rahisi kuliko vyote kilikuwa karibu mara mbili tulipojumlisha. Tulichagua kingine chenye mbao zisizopakwa rangi, na pesa iliyobaki tukaiweka kwenye matela, sababu mgongo haulali juu ya rangi.

Ghalani mnachukua kigari kirefu na kutafuta mstari na nafasi. Kabati moja linaweza kuwa katika boksi mbili ao tatu, na kila boksi ina namba yake. Hesabuni mbele ya kulipa. Boksi ni nzito, wamama wawili wanahitajika, tena mkunje magoti. Karibu na mahali pa kulipia kuna pembe ya vitu vilivyorudishwa ao vilivyokwaruzwa kidogo, kwa bei ya chini. Anzeni huko. Na karatasi ya malipo msiitupe, ndiyo mtakayodaiwa mkitaka kurudisha.

Tuseme pia ukweli kuhusu mbao. Nyingi si mti mzima, ni vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi nyembamba. Ni safi, ni nyepesi kwa mfuko, lakini zikinywa maji zinavimba, na zikifunguliwa na kufungwa mara nyingi kila mnapohama, matundu ya skurubu yanalegea. Kwa hiyo meza na viti hatukununua pale. Kuna duka la vitu vilivyotumika liitwalo Les Petits Riens, rue Américaine kule Ixelles, ndiyo komini ile ile ya Matongé. Ni shirika la kusaidia maskini tangu mwaka 1937. Huko tulipata meza ya mti mzima na viti vinne visivyofanana. Binti alivipaka rangi moja.

Chakula kipo, vile vidonge vya nyama vya Waswidi na viazi, na si bei kali. Tulikula, tukakumbuka sombe.

Kusafirisha ni hesabu nyingine. Wakileta wenyewe mnalipa, kwa hiyo ulizeni bei mbele ya kujaza kigari. Sisi tuliazima kamioneti ya ndugu wa kanisa na kumwekea mafuta. Nyumbani, fungueni boksi na kuhesabu vipande kabla ya kukaza skurubu ya kwanza. Maelezo hayana maneno, ni picha tupu, hata mama asiyejua Kifaransa anafuata. Kafunguo kadogo kaliko ndani ya boksi kanatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Jambo moja hatukukubali lingoje kesho. Kabati la droo linapashwa kufungwa ukutani. Mtoto anafungua droo, anazipanda kama ngazi, na kabati linamwangukia. Mwaka 2016 IKEA yenyewe iliyarudisha mamilioni ya makabati ya droo Marekani na Canada baada ya watoto kufa hivyo. Chuma cha kufungia kimo ndani ya boksi, lakini skurubu za ukuta mnazitafuta kufuatana na aina ya ukuta: wa matofali si sawa na wa ubao. Muulizeni mwenye nyumba kama anaruhusu kutoboa, na mumwambie sababu. Wa binti yetu alikuja na mashine yake mwenyewe, saa mbili za usiku, akatoboa matundu mawili.