Kipande cha mpira chini ya usukani

Wazazi wa P.4 wameniuliza mara nyingi kwa nini shule ilipofunguliwa sikuonekana darasani siku mbili. Wengine walisema eti mwalimu amepata kazi Kampala, hatarudi tena. Sivyo. Nilichelewa kwa sababu ya kipande cha mpira kinachotosha kwenye kiganja. Ndani ya habari hiyo kuna kosa langu mwenyewe, nalo nitalisema, maana ninyi ndio mnaoniachia watoto wenu.

Likizo nilikwenda Kampala kumchukua mama. Alikuwa ametibiwa macho na alikuwa anapumzika kwa mjomba wangu, kaka yake, pale Katwe. Wanaoijua Katwe wanajua kwamba huko hakuna haja ya jogoo. Asubuhi unaamshwa na nyundo. Ni mtaa wa mafundi: huyu anachomelea mlango, yule anatengeneza jiko, mwingine mashine ya kusaga. Wakongomani wengi waliokimbilia mjini wanakaa huko na Nsambya. Mjomba ni fundi wa magari tangu Bukavu. Alikimbia bila kitu, lakini kazi ilikuwa mikononi mwake, na mikono hakuiacha.

Uani kwake kuna gari ambalo watoto wa mtaa wanaliita nyumba. Ni Volkswagen Kombi ya zamani, ile ya watalii ya kulala ndani. Ina kitanda cha kukunja, kabati ndogo na sinki ya kunawia. Kombi za umbo hilo zilitengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, na huko Brazil waliendelea kutengeneza Kombi mpaka mwisho wa 2013. Hii ya mjomba ilizunguka nchi nyingi na wenyewe, ikafa injini, ikauzwa, ikauzwa tena, mpaka ikamfikia yeye ikivutwa kwa kamba. Aliifufua jioni jioni kwa miaka miwili. Sasa anabebea vyombo vyake vya kazi, na mara moja moja anasafirisha watu.

Mpango wetu ulikuwa mzuri. Jumamosi mjomba atatupeleka Nakivale, mimi, mama na majirani wawili wenye mizigo. Ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Masaka na Mbarara, na mama angelala kitandani njia nzima. Jumatatu mimi niko darasani.

Jumatano mjomba akaniita. "Mwalimu, ingia ndani, shika volani. Usiendeshe kitu. Itikise tu kidogo kulia na kushoto."

Hapa nieleze. Sisi tuliotoka Kongo tunasema volani, hapa Kampala wanasema sitelingi, na kitabu cha shule kinasema usukani. Ni kitu kimoja. Nikautikisa. Kumbe ulikuwa unakwenda mkononi mwangu kabla tairi halijasikia habari yoyote. Mjomba alikuwa amelala chini ya gari na tochi. Akaniambia niendelee kutikisa, halafu akaniita na mimi nilale chini nijionee, mtoto wake akashika usukani.

Katika Kombi dereva anakaa juu kabisa ya ekseli ya mbele. Kwa hiyo bomba la usukani linashuka karibu wima mpaka chini ya sakafu, na hapo linakutana na sitelingi boksi, lile sanduku la chuma lenye meno ndani. Lakini chuma hakigusani na chuma. Katikati wameweka kipande cha mpira cha mviringo chenye matundu manne. Bolti mbili zinashika upande wa juu, mbili zinashika upande wa chini, zikipishana kama msalaba. Kazi ya mpira huo ni kumeza mitetemo ya barabara isipande mpaka mikononi, na kuruhusu bomba na sanduku visipolingana sawasawa visivunjane.

Mjomba akanifundisha kutafuta ugonjwa. "Usibadilishe kitu kwa kubahatisha. Mtu atikise volani, wewe angalia chini. Bomba likizunguka na sanduku halizunguki, ugonjwa uko kwenye mpira. Sanduku likipokea na mkono wake hausogei, ugonjwa uko ndani ya sanduku. Mkono ukisogea na tairi bado limekaa tu, angalia tairodi." Nilitazama. Bomba lilizunguka kidogo, mpira ukajikunja, sanduku likachelewa. Mpira ulikuwa umepasuka pembeni, umelowa oili, na matundu mawili yalikuwa yamekuwa marefu kama jicho.

"Umeendesha hivi tangu lini?" nikamuuliza.

"Ndiyo ubaya wake," akasema. "Haukuchoka siku moja. Kila mwezi unalegea kidogo na mkono wako unazoea. Mimi fundi, nimezoea pia."

Alhamisi akanipa shilingi 150,000 nikatafute spea. Nilitoka Katwe kwa miguu, nikapita Clock Tower na Owino mpaka soko la Kisekka. Soko hilo lilipata jina kutoka kwa Dokta Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991, lakini ukitaja Kisekka leo watu wanafikiria spea tu. Spea za Toyota zimejaa, chagua unavyotaka. Nikitaja Kombi, watu wanacheka. Mwishoni mzee mmoja mwenye duka dogo akaniambia kweli: hana, ila anaweza kuagiza mpya toka Nairobi, pamoja na bolti na nati zake, 130,000. Itakuja na basi Jumatatu.

Jumatatu! Nikafikiria darasa. Nikafikiria pia jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nadaiwa karo ya mdogo wangu wa S.3. Nikamwambia mzee nitarudi, nikaondoka.

Njiani, pembeni ya barabara, nikamkuta mtu anauza vitu vya mpira alivyokata kwenye tairi kuukuu. Nikamwonyesha ule mpira uliochakaa. Akachukua kisu, akakata mviringo, akatoboa matundu manne kwa msumari wa moto. Dakika kumi, shilingi 10,000. Kwa macho ulifanana kabisa, tena ulikuwa mnene kuliko ule wa zamani. Nikajiambia, huu ndio imara zaidi.

Nilipofika nyumbani nikampa mjomba mpira na chenji ya 50,000. Nikamwambia nimeupata kwa laki moja. Zile 90,000 zilikuwa kwenye soksi yangu.

Mjomba hakuuliza habari ya pesa. Aliupokea mpira, akaukunja kwa vidole. Ukakunjika upande mmoja kirahisi, upande mwingine ukakataa. Akaugeuza, akanionyesha nyuzi za tairi zilizotokeza pale kisu kilipopita, na matundu ambayo hayakukaa kwenye mstari. "Ule wa kiwandani nyuzi zake zimepangwa kwa tabaka, zinavuta sawa pande zote," akasema. "Huu utaachana tabaka kwa tabaka. Huu ni mzuri, mwalimu. Tengeneza lugabire uvae."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwamba alipokuwa kijana mwanafunzi wa gereji alipanda gari la dereva mmoja wa njia ya Bukavu na Uvira, ile ya milima ya Ngomo. Dereva huyo alikuwa amefunga kipande cha tairi hivi hivi. Alipita milima ile mara nyingi na hakuna kilichotokea, mpaka akawa anawacheka wanaonunua spea mpya. Halafu siku moja kwenye kona volani ikazunguka bure mkononi mwake. Gari likaenda lenyewe. "Lilienda upande wa mlima," mjomba akasema. "Lingekwenda upande wa bonde, leo usingekuwa na mjomba."

Kisha akaniuliza polepole, "Jumamosi nani atalala kitandani huko nyuma?"

Nikasema, "Mama."

Hakuongeza neno. Nilikaa pale, nikavua kiatu, nikatoa zile 90,000 nikaziweka juu ya sanduku la vyombo vyake. Nikamweleza habari ya karo. Nilikuwa natetemeka, na umri huu wangu. Kila siku nawaambia watoto wenu wasinakili mtihani wa jirani, na mimi nilikuwa nimetaka kumlaza mama yangu juu ya uongo wa shilingi elfu kumi.

Mjomba akahesabu pesa, akaziweka mfukoni. "Karo ungesema tu," akaniambia. "Sina, lakini ungesema." Akanirudisha Kisekka jioni ile ile nikaagize mpira wa Nairobi. Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu asubuhi nilifanya kazi kwake, nikiosha vipande kwa petroli na kushika tochi. Akanilipa 30,000. Karo haijatimia bado, lakini imeanza, na mdogo wangu anajua imetoka wapi.

Mama alipoambiwa safari imeahirishwa hakusikitika. Alisema, "Tulitembea miguu tukafika. Siku tatu za kukaa kitako zitanifanya nini?"

Jumatatu mchana mpira ukaja. Nieleze tulivyofanya, maana kuna vijana hapa wanaopenda ufundi. Kwanza tulinyoosha matairi yaangalie mbele, tukaweka mawe nyuma ya matairi, tukapiga jeki na kuweka stendi imara. Mjomba hakubali mtu aingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Akatoa waya wa betri. Akapiga alama kwa chokaa kwenye bomba na kwenye sanduku ili virudi vilivyokuwa, usukani usije ukakaa upande gari likienda mbele. Ndipo akafungua bolti, moja ikagoma nusu saa. Akasafisha kutu na oili, akaweka mpira mpya, akafunga na nati mpya. Zile za zamani alizitupa. Alisema nati ya kujifunga ikishafunguliwa imeshafanya kazi yake, na pale mahali si pa kubana matumizi.

Nilidhani tumemaliza. Akaniomba kipande cha waya, kifupi kama kidole. Kumbe mpira haupitishi umeme, na honi ya Kombi inahitaji umeme upite kwenye bomba la usukani mpaka kwenye chuma cha gari. Kwa hiyo lazima waya uruke mpira, toka bolti ya juu hadi bolti ya chini. Fundi fulani wa zamani alisahau kuurudisha. Miaka yote ile mjomba alikuwa anatoa kichwa dirishani na kupiga kelele kwa boda boda, akidhani honi imekufa. Alipobonyeza, honi ikalia Katwe nzima. Kuku wakaruka, watoto wakapiga makofi, mama akatoka mbio na kitambaa cha macho mkononi akiuliza kuna nini.

Kisha nikaingia tena kwenye kiti, nikatikisa usukani. Safari hii nikigusa, tairi linajibu papo hapo. Mjomba aliendesha kwanza uani, halafu barabarani polepole peke yake, akarudi akakaza tena kila nati. Ndipo akasema sasa twende.

Jumanne tukasafiri. Tulipita mstari wa ikweta pale Kayabwe, tukapita Masaka, tukapita Mbarara. Mama alilala njia nzima. Mimi sikulala. Nilikuwa naangalia mikono ya mjomba. Kwenye barabara iliyonyooka ilikuwa imetulia kabisa.

Hilo ndilo ninalowaachia, ndugu zangu. Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuzuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15, lakini yaliyokwisha kuingia bado yanatubeba, sisi na magunia yetu ya mahindi. Hatuwezi kulala chini ya kila taksi kabla ya kupanda. Lakini tunaweza kuangalia mikono ya dereva. Barabara imenyooka na yeye anazungusha usukani huku na huku kama anatwanga, ujue kuna kitu kimelegea huko chini, na yeye ameshazoea. Mwambie kwa heshima. Akikasirika, shuka. Nauli inatafutwa tena.

Wazazi wa P.4, nimechelewa siku mbili, nitazifidia Jumamosi mbili, asubuhi. Kile kipande cha tairi ninacho, nimekitundika ukutani kwenye meza yangu darasani. Watoto wakiuliza ni nini, nawaambia ni lugabire ambayo haijamalizika. Wakikua kidogo nitawaambia yote.

Mungu awalinde barabarani na nyumbani. Ni mimi, mwalimu wenu.