Mpira au Mimi

Filamu ya Love & Basketball niliitazama Mnyambe, wilaya ya Newala, nilikokuwa mwalimu, katika banda la video lililoezekwa nyasi, nje kukinukia mabibo yaliyoiva. Ni kazi ya Gina Prince-Bythewood ya mwaka 2000, iliyogawanywa robo nne kama mchezo wenyewe wa mpira wa kikapu. Monica ameigizwa na Sanaa Lathan. Jina hilo, sisi watu wa pwani hatulihitajii mkalimani.

Monica na Quincy walikua majirani, wakapendana. Usiku mmoja Quincy, mwenye majonzi ya babake, alimtaka abaki naye. Monica akarejea bwenini, kwani amri ya timu haikumruhusu kuchelewa. Penzi likavunjika. Miaka ikapita, Quincy akachumbia mwingine. Ndipo Monica alipomwita uwanjani: tucheze, nami nauwania moyo wako. Akashindwa. Alipogeuka kwenda zake, Quincy akamwita warudie.

Banda zima likashangilia. Mimi nilinyamaza. Mchumba wangu alikuwa mfungaji hodari wa netiboli. Alipochaguliwa timu ya mkoa, nilimwambia achague: mpira au mimi. Alinichagua mimi, na usiku ule alikuwa ubavuni mwangu, amempakata mwanetu.

Mwishoni Monica anachezea timu ya Los Angeles, Quincy yuko kando ya uwanja na binti yao.

“Mwalimu,” mke wangu akaninong’oneza, “umeona nani kapakata mtoto?”

Tulirudi nyumbani mchangani, kimya. Mtoto nilimbeba mimi.