Visahani Baina ya Miti

Katika Pemba niliyokulia, mkarafuu haukuhesabiwa kuwa kivuli wala pambo, bali mali yenye mwenyewe anayejulikana, hata kama mwenyewe huyo anakaa Unguja au ng'ambo. Na mtoto aliyethubutu kuupopoa kwa gongo, kama tulivyopopoa maembe bila ya haya, alifahamu kwamba matawi yake ni mepesi kuvunjika, na kwamba khabari za kosa lake zingefika nyumbani kabla ya miguu yake. Hofu hiyo ilikuwa na asili. Tufani ya mwaka 1872 iliyaangusha mashamba ya Unguja ikakinusuru kwa kiasi kikubwa kisiwa chetu, na tangu hapo sehemu iliyo kubwa ya karafuu za Zanzibar ikawa inatoka kwetu. Na hata baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba yalipogawiwa watu eka tatu tatu, mti ulibadilisha mwenyewe pasipo kupungukiwa na heshima.

Kwa sababu hiyo mikono yetu ilijifunza kutupa mahali pasipokuwa na miti, hususan pwani wakati wa maji kupwa, na chombo chetu kilikuwa kifuniko cha sufuria kilichotoroshwa jikoni. Kifuniko kikifyatuliwa kutoka kifuani kwa kukunjua mkono, huku kiganja kikikizungusha, huelea juu ya upepo muda mrefu kuliko inavyodhaniwa, kisha huinama ubavu mmoja na kutua kwa mshazari. Marehemu mama yangu hakuvutiwa na elimu hiyo.

Nilipojaaliwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Winthrop, kilichoko mji wa Rock Hill katika jimbo la South Carolina, nilistaajabu kuwakuta watu wazima, wengine wenye mvi, wakizunguka kando ya ziwa la chuo na mikoba begani, wakirusha visahani vya plastiki baina ya miti kuelekea vikapu vya chuma vilivyotundikiwa minyororo. Sahibu yangu mmoja akanifafanulia kwamba hiyo ni gofu, isipokuwa haina fimbo wala mpira: mchezaji huanza mahali palipowekwa, hurusha, huenda pale kisahani kilipotua, hurusha tena, na aliyevimaliza vikapu vyote kwa mitupo michache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Visahani vyenyewe si vya namna moja. Cha masafa kina ukingo mwembamba unaopasua upepo, na cha karibu kina ukingo mnene, huenda taratibu na hakipendi kuteleza kikishagusa nyasi.

Nilipouliza asili ya mchezo nikajibiwa, kwa furaha yangu, kwamba nao ulitoka jikoni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wakirushiana sahani za bati za kuokea za kampuni ya Frisbie; na Fred Morrison wa California, kabla ya vita vya pili vya dunia, alikuwa akirusha pwani sufuria bapa ya keki pamoja na mchumba wake, mpaka mpita njia akataka kuinunua kwa senti 25, ilhali dukani iliuzwa senti tano. Ed Headrick naye, mwaka 1975, alitandaza kiwanja cha kwanza cha kudumu katika bustani ya Oak Grove huko huko California. Mwanzo shabaha zake zilikuwa nguzo tupu, na maadamu wachezaji hawakuacha kubishana iwapo nguzo imeguswa au haikuguswa, akabuni kikapu cha minyororo, ili mlio wa chuma uwe shahidi asiyekanushika.

Lililonishughulisha zaidi, walakini, lilikuwa miti. Pale Winthrop hapakuwa na mtu wa kumwonea mti uchungu. Kisahani kikigonga mti, mti haukudai kitu, na aliyepata hasara ni mrushaji, ambaye alijikuta kichakani akitafuta mwanya wa kutokea. Nami, kwa miezi mingi, kila nilipousikia mlio wa gamba likigongwa, niligeuka nyuma kumtazama mwenye shamba.

Oktoba 1999 yakaja mashindano ya taifa ya Marekani, ya kwanza kwa jina hilo, na Ken Climo akayashinda. Miaka ilivyokwenda kiwanja kikatiwa mipaka: kamba zikanyoshwa juu ya nyasi, na kisahani kilichotua nje yake kikatozwa mtupo wa adhabu; kikapu cha kumi na saba kikazungushiwa marobota ya nyasi kavu mfano wa kisiwa. Nakiri kwamba ufundi uliongezeka, na huruma sina ya kuwaonea mabingwa. Lakini naona pale ambapo mti peke yake ndiye kadhi, mchezaji hulazimika kuutazama kwa makini, na kamba humfundisha kutazama chini.

Sasa nafundisha katika chuo kimoja hapa Pemba, na visahani vichache nilivyorudi navyo vimekwisha kuzaa vingine, aghalabu vifuniko vya ndoo za rangi. Vikapu hatuna. Vijana wameichagua minazi kuwa shabaha, na wamekubaliana, bila ya mimi kuwashauri, kwamba anayegonga mkarafuu huongezewa mitupo miwili na hutoka mchezoni akivunja tawi.

Msimu ukifika uwanja hufunikwa majamvi ya karafuu zinazoanikwa, na hapo mchezo hupasa kusimama, ila vijana huendelea pembeni. Juzi kifuniko kikatua katikati ya jamvi.

"Maalim, hiki kinatozwa mitupo mingapi?" wakaniuliza.

Kabla sijajibu, bibi mwenye jamvi alikwisha kukiokota, akakigeuza na kukitazama pande zote mbili, kisha akakitumia kuzolea karafuu. Hajakirudisha hadi leo, na wanafunzi wamegawanyika: wengine wanasema mtupo uhesabiwe pale alipo bibi.