Mchinga: Ghuba tulivu, pweza mtamu na mashine iliyoishiwa nguvu

Kama umewahi kununua soksi au miwani ya jua pale Kariakoo bila hata kushuka kwenye gari, basi Mchinga unaifahamu kwa jina. Inasimuliwa kwamba neno machinga lilitokana na Wamachinga, watu wa Lindi waliokuja Dar es Salaam kutembeza bidhaa mikononi. Sisi wa mjini tukalibeba jina, kwao tukakusahau. Kwao ni huku: ghuba pana inayotazama mawio ya jua, minazi, mikoko, mashua zilizolala mchangani, na watu ambao salamu yao haina haraka.

Mimi na mume wangu tulikwenda mwezi Novemba, tukiwa na jambo zito mezani. Kazini kwake walikuwa wamempa uhamisho wa Lindi. Yeye alishaanza kuhesabu masanduku, mimi nilishaanza kuhesabu sababu za kubaki Dar. Wiki tatu tulikuwa tunabishana kila usiku, kila mmoja anamwaga sababu kumi kwa mpigo. Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Shoga, nenda kakuone kwanza." Nikaona si vibaya.

Njia ni rahisi

Toka Dar unapita Mbagala na Kibiti, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, halafu Somanga hadi Nangurukuru. Hapo wanaokwenda Kilwa Masoko wanakata kushoto, wewe unanyoosha. Mchinga ni kama kilometa 30 kabla ya Lindi mjini. Angalizo: mwaka 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii maeneo ya Somanga, kwa hiyo miezi ya masika ulizia hali ya njia kabla hujapanga wikiendi yako. Kulala, lala Lindi mjini, kwenye gesti na hoteli za kila mfuko, asubuhi unarudi Mchinga kwa gari au bodaboda.

Na usikose kula. Pweza wa nazi, samaki wa kuchoma, na kama ni msimu wake, ming'oko ya kuchemsha. Mume wangu alikula mpaka akasahau simu yake ipo wapi, na kwa anayemjua hilo ni jambo kubwa!

Baharini sasa

Tulikodi boti ndogo ya faiba yenye mashine ya nyuma, hospawa 15. Nahodha alikuwa mtu mzima, amefunga msuli, pamoja na kijana wake wa kushika nanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, vaa laifu jaketi kwanza, stori baadaye." Nikampenda hapo hapo.

Dakika 20 za mwanzo ilikuwa raha tupu. Maji kama kioo, umande unapuliza kutoka bara. Halafu mashine ikaanza kulegea. Nahodha akiongeza moto inakohoa, akipunguza inatulia kidogo, kisha ikazima kabisa. Akasubiri, akavuta kamba, ikawaka vizuri. Baada ya muda mfupi ikalegea tena na kuzima.

Hapo raha ikaisha. Maji yalikuwa yanakupwa, yanatoka ghubani kwenda bahari kuu, na upepo wa bara unasukuma upande huo huo. Mbele yetu niliona mstari mweupe: mawimbi yanapasuka kwenye mwamba. Kila tukikaa kimya, ule mstari ulikuwa unakaribia.

Mume wangu akaanza: "Ni plagi! Hapana, mafuta machafu. Tufungue kabureta!" Akashaita na spana. Nahodha wala hakupandisha sauti. "Bwana mkubwa, subiri. Kwanza tusimame." Akamwambia kijana atupe nanga. Kamba ikakaza, boti ikageuza pua, tukatulia. Mstari mweupe ukabaki pale ulipo. Kusema kweli hapo ndipo nilipopumua.

Swali moja, jibu moja

Halafu akaanza kuiuliza mashine, swali moja baada ya jingine, na kila jibu akatueleza.

Kwanza, je, ilipokuwa inaunguruma, boti ilikuwa inakwenda? Mashine ikipiga kelele sana huku boti haisogei, tatizo liko kwenye rafadha: pini imekatika au mpira wake wa ndani unateleza. Yetu ilikosa sauti na mwendo kwa pamoja, kwa hiyo siyo. Hata hivyo akainamia kutazama kama kuna nyavu au majani yaliyojizungusha. Hakuna.

Pili, maji ya kupooza yalikuwa yanatoka? Ule mchirizi mwembamba nyuma ya mashine ukikatika, mashine inachemka na nguvu zinapotea. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki umeziba mdomo wa chini, au pampu ya maji imekwisha. Wetu ulikuwa unatoka vizuri mpaka dakika ya mwisho.

Tatu, mafuta yanafika? Macho yangu yakaenda kwenye ule mpira wa kupampu kwa mkono, kati ya tangi na mashine. Ulikuwa umenywea, bapa kama chungwa lililokamuliwa. Nikasema, "Mzee, hii ni kawaida?" Akatabasamu. "Mwanangu, umeona. Mashine inavuta, tangi halitoi."

Akalegeza mfuniko wa tangi. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa kishindo, na ule mpira ukajaa taratibu. Kumbe kitundu cha hewa kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na chumvi iliyokauka. Mafuta yakipungua ndani ya tangi lazima hewa ichukue nafasi yake; isipoingia, mashine inanyonya mpaka inashindwa. Ukisubiri, hewa kidogo inapenya, ndiyo maana inawaka tena na kukudanganya. Akakizibua kwa ncha ya ndoana, akapampu mpaka mpira ukawa mgumu, akavuta kamba mara moja. Ikawaka, na safari hii haikulegea mpaka pwani.

"Ungefungua kabureta," akamwambia mume wangu, "tungekuwa na matatizo mawili, na skrubu moja ndani ya maji." Mume wangu akacheka mwenyewe.

Tulichorudi nacho

Jioni ile tulikaa ufukweni tukaongelea uhamisho kwa mtindo wa nahodha. Kwanza nanga: hakuna anayeamua leo. Halafu swali moja moja. Mshahara? Unatosha. Nyumba? Inapatikana. Kazi yangu? Hapo ndipo palipokuwa pameziba. Siku zote nilikuwa nalalamikia umbali, joto, hata foleni za mabasi, kumbe hofu yangu ilikuwa moja tu: kukaa mji mgeni bila kipato changu mwenyewe. Kulijua hilo kulitupa kitu cha kufanyia kazi. Yeye alitangulia Januari, mimi nikafuata Juni baada ya kupata kazi. Wikiendi za katikati, basi la kusini lilitujua.

Nawe ukija na mwenzi wako, chagua wakati bahari imetulia, baada ya kusi kuisha na kabla kaskazi haijashika, na sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kabla ya kupanda, uliza bila aibu: laifu jaketi zinatutosha? Nanga ina kamba ndefu? Makasia yapo? Plagi ya akiba na spana yake? Mafuta ya kwenda, ya kurudi na ya ziada? Simu ifunge kwenye mfuko usioingiza maji, na mwambie mtu wa pwani mnarudi saa ngapi. Nahodha wa kweli hatakasirikia maswali hayo. Akikasirika, mshukuru, kisha tafuta boti nyingine.